Mjomba Akiimba, Anasali?

Jambo lililetwa kwenye baraza letu la wazee wa kanisa baada ya hesabu ya sadaka na kabla ya chai, saa ambayo kila mtu anataka kwenda nyumbani. Mzee mwenzetu mmoja, mwadilifu na msomaji mzuri wa Biblia, aliuliza kama inafaa kumpelekea Meza ya Bwana mgonjwa asiyeweza kuungama. Aliyekuwa akisemwa ni mjomba wangu, seremala wa Ngamiani hapa Tanga, mwimbaji wa sauti ya nne tangu ujana. Kiharusi kilikuwa kimempooza mkono na mguu wa kulia na kumnyang'anya maneno.

"Lakini anaimba," mchungaji akasema.

"Anaimba, ndiyo," mzee akajibu. "Hata redio inaimba."

Liliniuma, lakini halikuwa swali la kijinga. Mtu ambaye hawezi kuomba maji, akiimba wimbo mzima wa kumsifu Mungu, ni yeye anayemsifu au ni koo lake tu? Na kama ni koo, je, sala za sisi wenye ndimi nzima zinatoka wapi?

Kwanza hali yenyewe, maana nilikuwa muuguzi kabla ya kustaafu na najua watu wanavyochanganya. Mjomba hakupoteza akili. Alikuwa na kile madaktari wanachokiita afasia. Lugha kwa watu wengi hushughulikiwa na ubongo wa kushoto, na kwake sehemu ya upande huo ilikosa damu ikafa. Anakutambua, anajua anachotaka, ila neno haliji. Lilimbakia moja tu, na Mungu anisamehe, la kuchekesha: kumbe. Ukimpa uji wa moto, kumbe. Ukikosea kumfunga vifungo, kumbe, kwa ukali wa kumrudisha mtoto nyuma. Mkaza mjomba aliweza kutofautisha kumbe ya maji na kumbe ya choo kwa jinsi sauti ilivyopanda. Maneno yaliondoka, lahani yake ikabaki.

Kisha jumuiya ikafanyika nyumbani kwake. Tulipoanza wimbo wa jioni kutoka kitabu chetu cha nyimbo, Mwimbieni Bwana, alivuma tu, midomo imefumba. Kwenye mstari wa pili mdomo ukafunguka upande wa kushoto, ule mzima, na maneno yakatoka, kila silabi mahali pake, kwa besi ileile iliyokuwa ikitikisa mabenchi. Tulipofika Amina mkewe akamshika bega. "Baba, umeimba! Hebu sema tena." Akamtazama kwa muda. Akasema, "Kumbe."

Mtaani walioshuhudia wakagawanyika. Wengine walisema anajifanya, wengine wakasema hiyo ni kazi ya mtu, atafutiwe mganga. Hali hii imeandikwa tangu 1745, wakati Olof Dalin wa Sweden alipoeleza habari za mtu aliyepooza upande wa kulia akawa bubu, lakini aliimba kwa ufasaha nyimbo za kanisa alizozijua kabla ya kuugua. Mwanzoni ilibidi mtu mwingine aimbe naye kidogo, kisha akaendelea. Hata sala aliweza kuzisema, kwa mdundo na kwa sauti ya juu. Hakuna mchawi hapo. Njia za ubongo zinazobeba wimbo na maneno ya kukariri si zilezile zinazounda sentensi mpya, na ubongo wa kulia una sehemu kubwa katika lahani.

Mzee wetu aliposema redio, hakujua kwamba ana mwenzake mkubwa. John Hughlings Jackson, daktari wa London wa karne ya 19, aliwachunguza wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi. Kwake, kusema ni kuunda tamko, kuyapanga maneno ili yaeleze jambo fulani sasa hivi. Viapo, salamu na nyimbo za kukariri zinazomtoka mgonjwa zenyewe hakuzihesabu kuwa usemi kwa maana kamili. Kwa hiyo Jackson angesema mjomba alitoa maneno, hakusema kitu.

Kuna mfano unaokaza hoja hiyo zaidi. Mwaka 1861 daktari Paul Broca alipokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Alikuwa fundi wa kalibu za viatu, na kwa miaka 21 aliyokaa hospitalini hapo alikuwa na silabi moja tu, tan, aliyoisema mara mbili mbili. Alipofariki Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta kidonda mbele upande wa kushoto, na sehemu hiyo inaitwa kwa jina la Broca hadi leo. Wanafunzi wa uuguzi hufundishwa hayo. Wasichofundishwa sana ni kwamba Leborgne alipokasirika kwa kutoeleweka, kilimtoka kiapo kizima chenye jina la Mungu ndani yake.

Hapo ndipo mtego ulipo. Nikisema wimbo wa mjomba ni sala, sina budi kusema kiapo cha Leborgne ni kufuru. Nikimsamehe Leborgne kwa kuwa ni ubongo tu ulioropoka, basi na sala ya mjomba imekwenda na maji.

Mimi nimekubali yote mawili. Leborgne alikuwa amekasirika kweli. Kiapo hakikumtoka akinywa mchuzi wake kwa amani. Kilimtoka pale ambapo mtu yeyote mwenye ulimi angeapa. Maneno yalikuwa ya kuazima, hasira ilikuwa yake. (Kama alihesabiwa dhambi, hilo si langu. Nadhani Mungu amekesha wodini vya kutosha kujua kinachomtoka mgonjwa.) Vivyo hivyo mjomba. Tulipomzika mama mdogo, dada yake wa mwisho, alikalishwa kwenye kiti karibu na jeneza. Mwalimu wa kwaya alikuwa bado anatafuta sauti ya kuanzia, mjomba akaanza kuvuma. Ulikuwa wimbo wa maziko, na hakuna aliyemwanzishia. Hakuvuma wa Krismasi wala wa harusi, na zote hizo zilikuwa kichwani mwake. Kwaya ikamfuata yeye. Redio haijui kama kuna msiba.

Kwa hiyo namjibu Jackson kwa heshima zote: kuunda sentensi mpya si njia pekee ya kusema jambo. Mtu anaweza kulichukua neno la zamani akaliweka mahali linapohitajika, na kwa kuliweka pale akawa amesema. Ibada yote imejengwa juu ya hilo. Jumapili tunafungua kitabu na kusoma maungamo yaliyotungwa na watu waliokwisha kufa zamani, nusu yetu tukiwaza nyama iliyoachwa jikoni, na bado mchungaji anatutangazia ondoleo. Hakuna mzee aliyewahi kutusimamisha mlangoni atuulize kama sentensi zile tulizitunga wenyewe.

Mzee wetu alikuwa na andiko, naye hakulificha. Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anataka kuomba na kuimba kwa roho, lakini kwa akili pia. Nami nikamtolea Warumi 8, ambapo Paulo huyohuyo anasema hatujui kuomba ipasavyo na Roho hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Nashikilia kwamba Paulo wa Korintho alikuwa akiwakemea watu wenye maneno mengi kupita kiasi, na kumtumia dhidi ya mtu aliyebakiwa na neno moja ni kuigeuza barua yake.

Hofu ya muziki kanisani ni ya zamani kuliko usharika wetu. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake kwamba sauti nzuri ikimgusa kuliko maneno yanayoimbwa, anajiona ametenda dhambi. Mashindano ya kwaya ya siku hizi, pamoja na spika zake, yangemlaza kitandani. Lakini alipokuwa akizifafanua Zaburi, Augustino huyohuyo aliwafundisha waumini kwamba moyo uliojaa furaha isiyoelezeka hupaza sauti isiyo na maneno, na kwamba Mungu asiyeweza kuelezwa anastahili sauti ya namna hiyo. Hofu yake inatufaa sisi wenye sauti za kujisikia. Mafundisho yake ya Zaburi yanamfaa mjomba.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mwalimu wa madrasa, na yeye na mjomba walikuwa wakifanya biashara ya milango na vitanda kwa miaka mingi. Jioni moja nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba hajambo?"

Nikamweleza mabishano yetu. Alicheka kwanza, kisha akaniambia kuna hadithi ya Bi Aisha, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuisoma Kurani kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Akaongeza kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, mtu aliyekuwa na usemi akawa bubu huutikisa ulimi na midomo yake kadiri awezavyo pale panapotakiwa kusomwa, na nia mahali pake ni moyoni. "Mwenye kigugumizi kuswalisha wenziwe ni makuruhu," akasema, "lakini swala haivunjiki." Nilipenda jinsi mafakihi walivyokaa wakafikiria hata midomo ya bubu. Sisi Walutheri hatujaandika kwa makini kiasi hicho, tumewaachia wazee wakaamue kabla ya chai.

Kigugumizi chenyewe ni mlango mwingine wa habari hii. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba, kwa sababu mdundo unawaongoza, sauti inavutwa bila kukatika, na maneno wanayajua tayari. Musa, ambaye Biblia na Kurani zote zinamtaja kuwa na uzito wa ulimi, katika Kutoka 15 anaimba na Waisraeli wakiwa wamekwisha kuvuka bahari, na habari hazisemi popote kwamba Haruni alimwimbia. Notker, mtawa wa St. Gallen katika Uswisi ya leo aliyefariki 912, anajulikana mpaka sasa kwa lakabu ya Mwenye Kigugumizi. Alitunga maneno kwa ajili ya zile lahani ndefu za Aleluya ambazo zilikuwa zikiimbwa bila maneno.

Muziki pia unaweza kumrudishia mtu maneno machache ya nyumbani, ila si kwa miujiza wala kwa kumwekea kanda asikilize. Mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm wa Boston, Marekani, walieleza tiba ya usemi inayopitia lahani. Mtaalamu mmoja alitufundisha namna yake. Unakaa mbele ya mgonjwa, unaushika mkono wake wa kushoto, unaugonga polepole juu ya meza, pigo moja kwa silabi. Unachagua maneno ya shida ya kila siku na kuyaimba kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kiswahili kinasaidia, maana mkazo wetu una mahali pake maalumu: nataka maji, na "ta" inapanda, "ka" inashuka, "ma" inapanda, "ji" inashuka. Kwanza mnavuma, kisha mnaimba pamoja, kisha unanyamaza katikati ili amalizie, na siku nyingi baadaye unaupunguza wimbo kidogokidogo mpaka ukaribie kusema. Mjomba alipata maji, akapata njoo hapa, akapata jina la mkewe. Hakupata mengi zaidi, na kumbe haikuondoka.

Mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake wa Ujerumani walionyesha kwamba kinachobeba mzigo huenda si lahani hasa. Mdundo, na maneno yaliyozoeleka mdomoni, vilisaidia kuliko wimbo wenyewe. Wengine wangesikitika kusikia hivyo. Mimi nilifurahi, kwa kuwa maneno yaliyozoeleka mdomoni, yenye mdundo, yanayosemwa na watu wengi pamoja, ndiyo liturujia. Bibi zetu waliotulazimisha kukariri Katekisimu na nyimbo kabla hatujazielewa walilaumiwa na walimu wa kisasa kwamba wanafuga kasuku. Kiharusi kikija, kilichokaririwa ndicho kinachobaki mdomoni.

Baraza lilikubali. Mchungaji aliyapeleka maungamo kwa lahani ya ibada badala ya kuyasoma, taratibu, na mjomba akayafuata karibu yote, akajikwaa mahali pawili, akapokea mkate na divai. Mzee wetu alikuwapo na ndiye aliyekishika kikombe. Mawazo yake kuhusu Wakorintho hajayabadili, wala mimi sijayabadili yangu kuhusu redio.

Kwenu walimu wa kwaya nina ombi. Mtu akipindika mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakavurugika, mpelekeni hospitali saa ileile; msianze na maombi ya mkesha wala mganga. Akirudi nyumbani hana maneno, msimfute kwenye daftari la kwaya kwa huruma. Wengine hawataweza hata kuimba, kwa maana kidonda kinaweza kuwa kikubwa mno, nao wakae tu katikati ya sauti. Lakini jaribuni kwanza. Anzisheni wimbo anaoujua, polepole, mkono wake wa kushoto ukigonga mapigo, na msimkatize kwa furaha mkisikia neno. Mpeni joho lake na kiti mwisho wa safu, upande ambao mkongojo hautamzuia mtu.

Na akiimba, msimwambie aseme tena.