Hujafa Hujaumbika: Jicho la Mtazamaji na Mwili wa Mwanamke Mlemavu

Kati ya mwaka 2005 na 2007, katika uwanja wa Trafalgar jijini London, palisimama sanamu ya marumaru nyeupe iliyochongwa na Marc Quinn. Ilimwonyesha Alison Lapper, msanii aliyezaliwa bila mikono na mwenye miguu mifupi, akiwa uchi na mjamzito. Wapo walioisifu, wapo pia walioona haifai kuwekwa hadharani. Swali linalozuka hapa ni la kimaadili kabla halijawa la kisanaa: ni nani mwenye haki ya kuamua mlemavu atazamwe vipi?

Swali hili limo katika kiini cha kazi ya Ann Millett-Gallant, mwanahistoria wa sanaa wa Marekani ambaye mwenyewe ni mlemavu wa viungo tangu kuzaliwa. Katika kitabu chake, The Disabled Body in Contemporary Art (2010), anaihakiki sanamu ya Quinn, na pia sanaa ya Mary Duffy wa Ireland. Duffy, aliyezaliwa bila mikono, alisimama uchi mbele ya hadhira kwa mkao wa Venus de Milo, akazungumza. Venus huyo, aliyepatikana mwaka 1820, hakunyimwa sifa ya uzuri kwa kukosa mikono. Kwa nini basi jiwe lililovunjika listahiwe, na mwili hai usiovunjika uhurumiwe?

Jinsia nayo imo. Katika uwanja uo huo wa Trafalgar, juu ya nguzo, yupo Admirali Nelson, aliyepoteza mkono wa kuume vitani mwaka 1797. Pengo lake husomwa kama ushahidi wa ushujaa. Lapper hakujeruhiwa popote; alizaliwa hivyo, na alikuwa karibu kuwa mama. Jamii ambayo haimtarajii mwanamke mlemavu apendwe wala azae haina tafsiri iliyo tayari kwa umbo kama hilo.

Yamkini itadaiwa kwamba mtafiti anayefanana na anachokichunguza hawezi kuwa mwadilifu. Hoja hii haina mashiko. Mhakiki asiye mlemavu naye hutazama akiwa mahali fulani. Tofauti ni kwamba hajawahi kulazimika kupataja. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kuwa Lapper, ingawa aliridhia, na ingawa yeye mwenyewe ni msanii anayejipiga picha, alijulikana na wengi kupitia mkono wa mwanamume asiye mlemavu. Ridhaa haitoshi kufuta tofauti hiyo ya uwezo.

Waswahili husema hujafa hujaumbika. Aghalabu methali hii huwa onyo: usimcheke mlemavu, kesho huenda ikawa zamu yako. Kwa fasiri hiyo ulemavu hubakia kuwa tishio, na heshima huzaliwa na hofu. Ipo fasiri nyingine: hakuna umbo lililokwisha kuumbwa, liwe la jiwe au la nyama. Atazamaye kwa imani hiyo hatafuti kilichopungua.