Kipimo cha Haki

Mizani ni katika vyombo vya kale ambavyo watu walivitengeneza ili waweze kuishi pamoja kwa amani. Palipo na mizani ya kweli, muuzaji na mnunuzi huagana kwa uso mkunjufu. Palipo na mizani ya hila, mmoja hucheka na mwenzake husononeka. Lakini ukweli wa mizani peke yake hautoshi. Mizani yaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikadhulumu, ikiwa imepewa kazi isiyo yake.

Msomaji, kama umepata kusafiri katika barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale, umepita Soy. Ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Mkulima wa huko apelekapo mahindi yake ghalani hupimiwa mambo mawili. La kwanza ni uzito, na gunia lake huhesabiwa kwa kilo 90. La pili ni unyevu, ambao hautakiwi kuzidi asilimia 13.5, kwa kuwa mahindi mabichi huota ukungu, na sumu ya ukungu huo yaweza kuua. Mkulima yule yule apelekapo maziwa, hakuna amwulizaye habari za gunia. Maziwa hupimwa kwa lita, kisha hutiwa chombo cha kuonyesha kama yamechanganywa na maji. Mkulima halalamiki kwamba maziwa yamependelewa, wala hasemi kwamba maziwa ni duni kwa sababu hayajazi gunia. Anajua kuwa vitu viwili vimepimwa kwa vipimo viwili, na haki ni moja.

Jambo hili lililo jepesi ghalani huwa zito darasani. Mwisho wa mwaka, wakati mahindi ya Soy yanapovunwa, ndio wakati wa mitihani nchini Kenya. Wako watoto ambao akili zao ziliumbwa, au zilidhurika, kwa namna ambayo kusoma ukurasa mmoja ni safari ndefu kwao, na wengine hawataufikia ukurasa huo maishani. Je, watoto hawa wapimwe? Wakipimwa, wapimwe kwa kipimo gani? Na mtu aliyewekwa kusimamia kipimo chao ana deni gani kwao?

Kwa miaka mingi jibu la maswali hayo lilikuwa kimya. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE, ulifanywa kwanza mwaka 1985, na mara ya mwisho mwaka 2023. Ulikuwa mtihani wa karatasi, na haukuwa na la kumwuliza mtoto mwenye ulemavu mzito wa akili. Mtoto huyo akiingia chumbani, karatasi ilisema kuwa hajui yale ambayo hakuweza kufundishwa, ikanyamaza juu ya yale aliyoyajua. Asipoingia, haikusema neno lolote. Katika hali zote mbili, alirudi nyumbani kama mtu ambaye hakupata kuwa shuleni.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, ulifungua mlango mwingine. Watoto wa namna hii hufuata njia ya hatua: ngazi ya msingi, ngazi ya kati, ngazi ya kujiandaa kwa ufundi, kisha ufundi wenyewe. Hawapandi kwa kuhesabu miaka, bali kwa kadiri ya wanachokiweza. Baraza la Mitihani la Taifa limeweka tathmini mwishoni mwa ngazi ya kati na ya ngazi ya kujiandaa kwa ufundi. Hapa mtoto aghalabu haandiki, hutenda. Hunawa, hufunga vifungo, hutenga vitu kwa rangi, huhesabu sarafu, hueleza haja yake kwa neno, kwa ishara au kwa picha. Mwalimu hutazama, kisha huandika alichokiona.

Labda wewe, msomaji, unayekesha na vitabu vya hesabu na kemia, utanung'unika moyoni: "Mimi natoka jasho, na huyu anapewa hati kwa kuosha kikombe?" Nung'uniko hilo si la ajabu, lakini lina kosa ndani yake. Hati ya mwenzako haisemi kwamba anajua kemia. Inasema kwamba ameosha kikombe. Yako inasema unajua kemia. Zote mbili ni kweli, na kweli haipunguzwi na kweli nyingine. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ungedhulumiwa kama hati yake ingejidai kuwa yako, na haikujidai hivyo. Tena, vidole vilivyochukua miezi minane kujifunza kufunga kifungo kimoja vimefanya kazi ambayo mimi na wewe hatukumbuki hata siku tuliyoifanya.

Mwingine, mwenye moyo mwororo, atasema: "Waacheni watoto hawa wapumzike. Kwa nini kuwasumbua kwa mitihani?" Huruma hii ina sura nzuri na matokeo mabaya. Asiyepimwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi fedha, wala mwalimu, wala dawati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikuandikwa humo kuwa ni kila mtoto mwepesi wa kuelewa. Mwalimu ambaye haulizwi mwishoni mwa mwaka mtoto amepata nini, hushawishika kumkalisha pembeni na kipande cha chaki mpaka kengele ilie. Kipimo humwuliza mwalimu, na Serikali pia, kabla ya kumwuliza mtoto.

Hata hivyo, kupima kuna hatari zake, na si vema kuzificha. Mwaka 1905, Mfaransa Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitengeneza kipimo cha akili kwa ajili ya kuwatafuta watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet aliamini kuwa akili hukuzwa kwa mafunzo, akawapinga waliodai kuwa ni kiasi kisichobadilika. Alifariki mwaka 1911. Kipimo chake kilivuka bahari. Huko Marekani kilitumiwa kuwatia watu alama ya upungufu na kuwafungia mbali na jamaa zao. Wengi waliopewa alama hiyo walikatwa hata uzazi, jambo ambalo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ililiruhusu mwaka 1927 katika kesi ya Carrie Buck. Chombo kilichotengenezwa kumtafuta mwenye haja kikawa chombo cha kumtupa. Kila swali la "tumsaidieje mtu huyu?" linapotoka mlangoni, swali la "mtu huyu ana thamani gani?" huingia dirishani.

Kwa hiyo mzigo mzito humwangukia msimamizi. Tufikiri mfano. Msichana wa miaka 14, katika shule moja ya Soy, ameagizwa kumwandalia mgeni chai. Sharti anawe mikono, achukue kikombe, amimine chai kutoka katika chupa, kisha amfikishie mgeni. Ananawa vizuri. Anachukua kikombe. Afikapo kwenye chupa ya chai, mkono unatetemeka. Mwalimu wake amekaa naye miaka mitatu. Alimpokea hajui hata kuitika jina lake. Mama yake yuko nje, ameketi juu ya nyasi, anangoja. Mwalimu ananyosha mkono, anaushika mkono wa mtoto, na chai inamiminika bila tone kuanguka. Msimamizi ameona yote. Karatasi iliyo mbele yake ina nafasi mbili: ametenda peke yake, au ametenda kwa kushikwa mkono. Mwalimu anamtazama kwa macho ya kusihi.

Je, ni kosa kumshika mtoto mkono? La. Mtoto hujifunza kwa kushikwa mkono, na kama msaada huo umeruhusiwa, ni sehemu ya kipimo chake. Kosa, likiwapo, halimo katika mkono. Limo katika kalamu. Msimamizi akiandika kwamba mtoto alitenda peke yake, mama atarudi nyumbani na furaha siku hiyo. Lakini mwaka ujao mwalimu mgeni ataisoma karatasi hiyo, ataiamini, atamkabidhi msichana chupa ya chai inayochemka, kisha atawageukia wengine. Chai ya moto haisomi hati. Na hata asipoungua, hakuna atakayemfundisha tena kushika chupa, kwa kuwa imeandikwa kwamba anajua. Uongo wa huruma umemnyang'anya somo lake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hapa afikaye mwisho wake si mwongo, ni mtoto.

Uko uongo mwingine, nao huzaliwa na haraka. Msimamizi ana shule nyingine ya kufikia kabla ya mvua ya jioni. Anamwuliza mtoto swali kwa Kiingereza, hali nyumbani kwao husemwa Kinandi. Anangoja nusu dakika kwa mtoto ambaye jibu lake huchukua dakika tatu. Mtoto anaogopa uso asioujua, anainamisha kichwa. Msimamizi anaandika kwamba hawezi. Hakusema alichokiona, maana hakungoja akione. Katika mambo haya subira ni sehemu ya ukweli.

Na wa tatu ni uongo wa mlango. Mlango uliofunguliwa kwa wachache waweza kugeuzwa kuwa njia ya kuwatoa wengine. Mtoto mzito kidogo wa kusoma, au mtundu, au asiyesikia vizuri ambaye hakuna aliyempima masikio, anaweza kusukumwa katika kipimo cha walemavu wa akili ili asiharibu sifa ya shule. Jambo hili lilihofiwa katika nchi nyingine. Nchini Marekani, sheria ya elimu ya mwaka 2015 iliwekea kila jimbo mpaka: wanafunzi wanaopewa mtihani huu mbadala wasizidi asilimia 1 ya wote wanaopimwa katika somo. Mpaka wa namna hiyo una ubishi wake, lakini ulizaliwa na hofu ya kweli. Kumpa mtoto kipimo kilicho chini yake ni dhuluma sawasawa na kumpa kilicho juu yake. Mmoja huaibishwa kwa yale asiyoyaweza, na mwingine husahauliwa pamoja na yale anayoyaweza.

Basi yaonekana kuwa deni la msimamizi ni la namna mbili. Kwanza, kuona kwamba kila mtoto amepata kipimo kilicho chake. Pili, kuona kwamba kipimo hicho kimesema kweli. La kwanza bila la pili ni ulegevu. La pili bila la kwanza ni ukatili. Yakikutana, huruma na haki huacha kugombana.

Na yule msichana wa Soy? Msimamizi mwema ataandika: alinawa peke yake, alichukua kikombe peke yake, alimimina kwa kushikwa mkono. Kisha atatoka nje, atamsalimu mama aliyeketi juu ya nyasi, atamweleza mambo yote matatu kwa utaratibu ule ule, bila kuongeza na bila kupunguza. Mama huyo amengoja miaka 14 kusikia mtu mwenye kalamu akisema kwamba mwanawe ameweza mambo mawili. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema. La tatu ni kazi ya mwaka ujao, na sasa mwalimu ajaye anajua aanzie wapi.

Wewe pia, msomaji, utashika kipimo siku moja. Utakuwa mwalimu, au karani wa ghala, au mzazi, au mtu tu anayeulizwa habari za jirani yake. Siku hiyo tazama kwanza kama kipimo ulichoshika ni cha kitu kilicho mbele yako. Kisha andika ulichokiona.