FUNGA YA 12: Mwili wa ndugu yako nao una haki



Ile hadithi ya Abdullah bin Amr tunaijua. Kijana anafunga kila siku, anasimama kila usiku, Mtume (s.a.w.) akamwambia mwili wake una haki juu yake. Mwezi huu tunaisikia sana, hasa pale daktari anapomkataza mtu kufunga. Leo tuigeuze kidogo. Kama mwili wangu una haki juu yangu, je, mwili wa ndugu yangu ambaye hafiki uwanjani bila kushikwa mkono, haki yake iko kwa nani?

Tazama tunavyofanya. Kijana mwenye ulemavu wa miguu yuko nyumba ya nne tu kutoka hapa. Tunampelekea tende, uji, tambi, Mwenyezi Mungu atulipe. Tumemlisha, na tumemwacha pale pale tulipomkuta. Wenzake jioni wanasubiri adhana kwa mpira, yeye yuko barazani anahesabu bodaboda. Na kukaa kutwa kuna madhara, jamani: misuli inalegea, vidonda vya kukalia, presha, sukari, na ile huzuni isiyosemwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na umewataja wazi wenye ulemavu.

Kuna atakayesema, "Ustadh, watu hawana chakula, wewe unaleta mazoezi?" Hoja ina uzito wake. Ila angalia tunaitumia kwa nani. Mtoto mzima hakuna anayemwambia aache mpira mpaka umaskini uishe. Kwa mlemavu ndiyo tunakumbuka kwamba mchezo ni anasa. Na kijana maskini naye yumo humu humu: uwanja umejengwa fremu za maduka, jimu inataka ada, kisha tunamlaumu kwa kukaa kijiweni.

Sasa turudi Madina, kwenye daku. Bilal alikuwa akiadhini usiku bado, na watu waliendelea kula na kunywa mpaka wasikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Huyu alikuwa haoni. Hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Mimi hapo huwa nasimama. Ilikuwa rahisi kumpa kazi hiyo mtu mwenye macho, na yeye akapewa sadaka yake nyumbani. Badala yake mji ukaacha kula kwa sauti yake, na wengine wakamwazima macho. Hapo hakuna huruma ya kumtazama mtu kwa mbali.

Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995, akiwa kijana. Miaka mitano baadaye alikimbia mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwongozaji. Siku ile mwongozaji ndiye aliyeishiwa nguvu, na Wanyoike akamkokota mpaka mwisho, akachukua dhahabu. Niambie, nani alikuwa anamsaidia nani? Asingepata wa kukimbia naye mazoezini, swali hilo lisingekuwepo.

Tumefundishwa pia kwamba kumsaidia mtu kupanda mnyama wake ni sadaka. Leo mnyama ni kiti cha magurudumu, au bajaji.

Basi kuanzia Jumamosi, baada ya tarawehe, ua wa madrasa utakuwa wazi kwa mazoezi mepesi, nusu saa tu. Si alasiri, kwa sababu mwenye jeraha la uti wa mgongo jasho halimtoki vizuri, na joto humdhuru upesi, seuze akiwa amefunga. Dada zetu watatengewa chumba cha juu... hapana, cha chini, ngazi zile si za kila mtu. Mwenye bajaji na nafasi amwone katibu. Na tafadhali, kabla ya kumfuata mtu kwake, mpigieni simu mumuulize anataka nini. Mmoja atataka mpira wenye kengele, mwingine kunyanyua vyuma, mwingine atakwambia, "Niache bwana, nimeshiba futari."