Panya na Mgonjwa

Huko Salamabila, panya akiingia ghalani na kula mpunga, mwenye shamba humtega na kumwua. Hakuna amlaumuye, kwani alinda chakula cha watoto wake. Lakini vijana wakimfunga panya yule yule kamba mguuni, wakamburuta mpaka afe, ili wapate kucheka tu, mzee apitaye huwakemea. Panya ni mmoja, kifo ni kimoja. Mbona hukumu ni mbili?

Jibu lake lafaa pia kwa jambo kubwa zaidi. Waganga wa hospitali wachunguzao kansa ya tumbo huchukua kipande cha uvimbe wa mgonjwa na kukipandikiza chini ya ngozi ya panya. Kwa kawaida mwili wa mnyama huikataa nyama ya mtu. Lakini wako panya wazaliwao bila manyoya, nao hukosa tezi ya kifuani isaidiayo mwili kukataa kitu kigeni. Mwaka 1969, mjini Copenhagen, Rygaard na Povlsen walikuza ndani yao uvimbe wa utumbo wa mtu. Baadaye uvimbe wa tumbo ukakuzwa vivyo hivyo, ili dawa zijaribiwe kwa panya kabla ya kupewa mgonjwa.

Je, ni halali kumtia kiumbe asiye na kosa ugonjwa usio wake? Kanisa lafundisha kwamba ni halali, ikiwa kazi hiyo yasaidia kuponya watu na haipiti kiasi. Bali kumtesa mnyama pasipo haja ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Mungu alimkabidhi mtu wanyama. Hakumpa ruhusa ya ukatili.

Basi haja ipimwe kila mara. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitaja mambo matatu: penye njia nyingine, mnyama asitumiwe, wakitumiwa, wawe wachache, tena maumivu yao yapunguzwe. Na njia nyingine huwapo. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vilipelekwa London, seli zake zikakuzwa chupani, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kwamba wameona ndani yake virusi visivyojulikana bado. Hapo chupa ilitosha.

Isipotosha, panya atumiwe, lakini auawe kwa upole kabla uvimbe haujamtesa mno. Naye mgonjwa aombwe idhini kwanza, kwa maana kipande kile kimetoka katika mwili wake.

Mzee aliyewakemea vijana hakusoma elimu ya waganga. Lakini alijua jambo lile lile: anayeutoa uhai wa mnyama awe na sababu ya haki, wala asifurahie maumivu yake.