Mfumo wa Bure, Mashine ya Majuto

Kijana mmoja aliyekulia kambi ya Kakuma, akarudi kwao Juba, alitaka kompyuta mpakato ndogo. Sababu zake zilikuwa za maana. Umeme mtaani kwao Gudele ulikuwa wa kubahatisha, jenereta ya jirani ilizimwa saa nne usiku, na paneli yake ya sola ilitosha taa, simu na kitu kingine kidogo. Windows ya wizi, yenye virusi vinavyohama kwa flashi kutoka ofisi hadi ofisi, alikuwa ameichoka. Akaamua kutumia Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta.

Hapo hakukosea. Alikosea kwenye hesabu aliyoipiga kichwani: mfumo ni wa bure, tena mwepesi, basi mashine yoyote itaubeba.

Dhana hiyo ina asili yake. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, yenye skrini ya inchi 7 na hifadhi ya GB 4, ikauzwa na Linux ndani. Tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba kompyuta ikiwa ndogo, Linux ni haki yake. Wanasahau kwamba ile iliwekewa Linux kiwandani, na kila kifaa ndani yake kilishajaribiwa nayo. Nyingi zilizokuja baadaye, hasa za mwaka 2013 na 2014, zilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na waundaji wake hawakumfikiria mtu wa Gudele.

Akanunua moja ya kizazi hicho: inchi 10, nyembamba, kibodi inachomoka, kumbukumbu GB 2, hifadhi GB 32. Muuzaji aliusifu wembamba wake, naye akalipa. Usiku akapakua Ubuntu 20.04, aina mojawapo ya Linux, zaidi ya GB 2 za bando, akaiandika kwenye flashi na kuichomeka. Mashine haikuiona. Akabadili flashi, akazima kinga ya uwashaji, akapakua upya akidhani faili limeharibika. Bando likaisha na Windows ikabaki palepale.

Kiini cha tatizo hakikuwa siri. Prosesa za Intel Atom za wakati ule zilikuwa za biti 64, lakini kwenye mashine nyingi za aina hiyo programu ndogo ya ubao mama, ile inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, iliwekwa ya biti 32. Flashi ya kawaida ya Ubuntu ya biti 64 haina faili ambalo programu hiyo inalitafuta. Debian, aina nyingine ya Linux, ilishalitatua jambo hilo tangu toleo la 8, mwaka 2015, kwa flashi maalumu inayobeba aina zote mbili. Fundi mmoja wa simu ndiye aliyemweleza, tena kwa maneno machache.

Debian ikaingia. Waifai ikakataa. Chipu yake ilihitaji faili la kampuni iliyoitengeneza, na Debian ya siku zile haikuyaweka mafaili ya namna hiyo kwenye flashi yake ya kawaida. Imeanza kuyaweka tangu toleo la 12, Juni 2023. Faili liko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hiyo anayoitafuta. Mashine haina tundu la waya wa mtandao. Mwishowe aliunganisha simu kwa kebo ya USB, akapata. (Njia hiyo ikariri, msomaji, huokoa wengi.) Sauti haikutoka kabisa, akaizoea.

Alichoshindwa kukizoea ni zile GB 2. Kivinjari kikifungua kurasa chache tu, mashine huganda. Kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao, haiongezwi. Hifadhi nayo imelehemiwa. Betri imegandishwa ndani kwa gundi, na joto la Juba huimaliza betri upesi: mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45.

Pesa ileile ingeweza kumpatia ThinkPad X220 ya mtumba, ya mwaka 2011. Ni nene na haimpendezi mtu anayetaka kuonekana. Lakini skrini yake ni ya inchi 12.5, tundu la waya wa mtandao lipo, kumbukumbu huongezwa hadi GB 16, diski hubadilishwa kwa bisibisi, na betri huchomolewa kwa mkono. Ukweli ni kwamba inakula umeme zaidi ya kale kembamba, na mwenye sola ndogo aliweke hilo kwenye hesabu. Mimi bado ningeichukua hiyo.

Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima za maofisini hazikubali Windows 11. Za namna hiyo huishia kwenye mitumba, na kwa mtu wa Linux ni neema, ila nazo zina mtego. Ofisi zingine huziuza bila kuondoa nywila ya msimamizi kwenye ile programu ya ubao mama. Mashine inawaka vizuri dukani, lakini haikuruhusu kuanza na flashi, na kuifungua kunaweza kudai kubadili ubao mama mzima. Chromebook iliyosajiliwa na shule au kampuni ya ng'ambo nayo hurudi kwa mwenyewe kila ukiifuta.

Kwa hiyo nenda dukani na flashi yenye Linux uliyokwisha kuijaribu kwenye mashine nyingine. Washa nayo, bila kusanikisha chochote. Unganisha waifai na simu yako, cheza sauti, funga kifuniko uone kama itaamka, chomoa chaja uone betri inakaa muda gani. Muuzaji akikukatalia kuichomeka, muage kwa heshima uende duka la pili kabla hujatoa hata pauni moja.