Mwalimu wa Muda

Sheria ya kazi Tanzania humpa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni wiki 12, zaidi ya nusu ya muhula. Mwalimu wa muda anayeshika darasa la aliye likizo kipindi hicho hazibi pengo tu, anafundisha. Tena anafuata azimio la kazi la mwenzake, na humo huona mada imepangwa tofauti na alivyozoea. Aliyekaa shule moja miaka 20 ataipata wapi nafasi hiyo? Na mwanafunzi aliyekwisha kubandikwa jina la mzembe hukutana na mtu asiye na kinyongo naye.

Watasema ujira ni mdogo na ajira haina uhakika. Kweli kabisa, wala hilo si la kufunikwa kwa maneno matamu: posho inayochelewa hailipi kodi ya chumba. Lakini udhalimu wa malipo haufuti ujuzi uliopatikana. Ujuzi huohuo ndio hoja ya kudai zaidi. Basi wewe uliyepewa darasa kwa muda, tunza maandalio yako ya somo, na uombe barua ya uthibitisho kabla hujaondoka.