Askari Aliyenisahau
Hapa Soin, macho yangu yalipogeuka manjano na mkojo kuwa mweusi kama strungi, majirani waliniuliza nimemkosea nani. Nilidhaniwa nina saratani ya kongosho. Kumbe kinga ya mwili wangu ndiyo iliyovamia kongosho na mirija ya nyongo, ugonjwa ambao watafiti wa Japani waliuhusisha na kingamwili ya IgG4 mwaka 2001. Nilimeza prednisoloni, na baada ya wiki chache nikanywa tena maziwa ya mursik yenye makaa ya mti wa senetwet.

Lakini niombe msamaha wa kosa gani, ikiwa aliyenipiga ndiye askari aliyenipigania dhidi ya malaria tangu utotoni? Hakunichukia. Alishindwa kunitambua. Nyanya yangu, uzeeni, alimfukuza baba mlangoni akidhani ni mwizi. Baba alirudi jioni, akamwashia moto wa kuota.